Swali la Thelathini na Moja

Kwa miaka karibu ishirini kazi yangu ilikuwa kubisha hodi kwa watu wasionijua na kuwauliza kama wana huzuni. Nilikuwa na fomu, kibao cha kuandikia na kalamu mbili. Nikijibiwa niliweka alama kwenye kisanduku, nikashukuru, nikaenda nyumba ya pili. Mama yangu kule Kalamba alifariki bila kuelewa nilikuwa nafanya kazi gani hasa. Aliwaambia majirani kwamba mimi ni nesi, lakini wa kuuliza tu.

Mpwa wangu anasomea saikolojia, na ameniambia kwamba nyinyi wenzake mtapelekwa vijijini mwaka huu kuhoji watu kuhusu tabia zao, pombe na afya ya akili. Ameniomba niwaandikie mambo mawili matatu. Mambo ya takwimu waulizeni walimu wenu. Mimi nitawaambia niliyoyaharibu.

Nilianza miaka ya sabini, nikiwa nimetoka kidato cha nne juzi tu. Mkubwa wetu alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mtu wa Nyanza, mpole, aliyesomea ng'ambo na kurudi na maswali. Alitaka kujua ni watu wa tabia gani wanaolewa zaidi, na kama pombe ndiyo inayoleta huzuni au huzuni ndiyo inayoleta pombe. Tulimwita Daktari. Hakujua Kikamba. Aliyekijua kwa niaba yake alikuwa Mzee Kilonzo, mkalimani wa mahakama aliyestaafu, ambaye alikuwa ametumia nusu ya maisha yake akiwatafsiria mahakimu maneno ya wezi wa ng'ombe. Mzee Kilonzo alikuwa shemasi kanisani, hacheki, na alitembea haraka kuliko sisi vijana. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, mara nyingi kwa kukaa kimya.

Maswali ya Daktari yalikuwa yametafsiriwa kwa Kikamba na mtu fulani aliyekuwa ofisini Nairobi, na ilionekana. Moja liliuliza: "Je, huwa unasikia sauti za watu usiowaona?" Wiki ya kwanza, upande wa Sultan Hamud, karibu kila mtu alijibu ndiyo. Daktari alizijumlisha fomu zile. Kwa hesabu yake, watu wote kuanzia reli hadi mlimani walikuwa wamechanganyikiwa. Ndipo Mzee Kilonzo akamweleza kwamba watu wetu huitana kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Ukimsikia jirani anaita mbuzi wake ng'ambo ya bonde, humwoni, lakini unamsikia. Tena kuna redio. Swali likabadilishwa, ikawa sauti ambayo hata mtu uliyeketi naye hawezi kuisikia. Wilaya ikapona kwa siku moja.

La pombe lilikuwa gumu zaidi. Fomu iliuliza: "Kwa wiki unakunywa chupa ngapi?" Nilimuuliza mzee mmoja ambaye alikuwa ameshikilia mlango ili asianguke. Akajibu kwa heshima kwamba hajawahi kunywa chupa hata moja maishani mwake. Nikaandika sifuri. Alikuwa anasema kweli. Alikunywa kaluvu, pombe yetu ya asali na sukari, na kaluvu haikai kwenye chupa, inakaa kwenye kibuyu, na kibuyu kinazunguka. Nani atahesabu? Waliookoka nao walijibu kwa neno moja, "Nimeokoka," na hapo mazungumzo yakaisha. Mfanyabiashara mmoja wa ngamia, Mwislamu kutoka kaskazini, aliniambia kwamba pombe hagusi ila miraa hutafuna kila siku, na akataka niandike. Fomu haikuwa na mahali pa miraa. Akakataa kuniruhusu niondoke mpaka niandike. Niliiandika kwenye mstari wa kazi yake.

Mzee Kilonzo hakuuliza chupa. Aliongea habari za mvua, halafu habari za fimbo. Kila mzee wa wakati ule alikuwa na fimbo yake. "Hii fimbo ni mpya," angesema. "Ile nyingine ilienda wapi?" Mtu aliyepoteza fimbo mara tatu tangu mavuno alikuwa na jambo la kutueleza, na akianza kutafuta alikoiacha, alizitaja nyumba zote za pombe kwa utaratibu.

Hayo mtajifunza wenyewe. Ninalotaka kuwaambia ni la Nuu.

Tulienda Nuu, kijiji cha upande wa Kitui, mwaka ambao mvua zilikosa mara mbili. Gari lilituacha sokoni Jumatatu asubuhi, mimi na wenzangu wawili. Mzee Kilonzo alibaki Kitui na Daktari kupanga fomu, angetufuata Alhamisi. Kabla hatujaondoka Daktari alitusomea karatasi ya maagizo. Soma swali kama lilivyoandikwa. Usiongeze neno. Usishangae. Usitoe maoni. Mimi niliishika karatasi ile kama Biblia. Nilikuwa mwepesi kuliko wote, nahoji watu tisa kwa siku, na nilijivunia.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa ya Mwalimu Musyoka. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipofutwa kazi kwa ulevi mwaka uliotangulia. Mkewe alikuwa amechukua watoto na kurudi kwao. Nilimkuta ameketi nje kwenye kivuli cha ghala, amevaa shati safi lililofungwa vifungo vyote, hana kazi yoyote mkononi. Alinipa kiti chake akakaa kwenye jiwe. Alijibu vizuri sana, kwa sauti ya darasani. Tukafika swali la thelathini na moja.

"Je, katika siku za karibuni umefikiri kwamba ni afadhali ungekufa?"

"Ndiyo," akasema.

Nikaweka alama.

"Je, unafurahia kukutana na wageni?" Hilo lilikuwa la thelathini na mbili.

"Inategemea wageni."

Hakukuwa na kisanduku cha inategemea. Nikamwambia, "Mwalimu, ni ndiyo au hapana?"

"Andika ndiyo," akasema.

Nikaandika, nikamaliza, nikashukuru, nikaenda nyumba ya pili. Nataka mjue kwamba sikuwa na roho mbaya. Nilikuwa na fomu nane zilizobaki.

Kuanzia Jumanne kazi ikawa rahisi ajabu. Watu wa Nuu walikuwa wametulia. Hawana wasiwasi, hawana hasira, wanalala vizuri, wanapenda wageni, hawanywi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kufa. Walijibu kabla sijamaliza swali. Mama mmoja alijibu maswali mawili ambayo nilikuwa sijafika. Mwishoni kila mmoja aliniuliza jambo lile lile: "Nimepita?" Karatasi ya maagizo haikusema lolote juu ya hilo, kwa hiyo nilitabasamu tu. Jumatano kulikuwa na gari linalokwenda Kitui, nikamtumia Daktari barua fupi kumwambia kwamba tumepata kijiji chenye afya njema ya akili.

Alhamisi saa kumi Mzee Kilonzo akafika. Tulikaa kwenye hoteli pale sokoni, akaagiza chai, akaanza kusoma fomu zangu moja baada ya nyingine. Nilingoja anisifu. Alisoma ya kwanza, akaenda ya pili, halafu akarudi kwa ya kwanza.

"Huyu ni nani?"

Fomu hazikuwa na majina, zilikuwa na namba. "Namba moja," nikasema.

"Mwende, nimekuuliza ni nani."

"Ni Mwalimu Musyoka. Yule aliyefutwa."

"Alisema ndiyo hapa. Wewe ukamwambia nini?"

"Nilimuuliza swali la thelathini na mbili."

"Lini?"

"Jumatatu."

Akahesabu siku, nilimwona akihesabu. Chai ilikuwa imeletwa. Hakuigusa. "Anaishi na nani?"

"Peke yake."

"Simama," akasema.

Kutoka sokoni hadi kwa Musyoka ni mwendo wa karibu saa moja kwa mtu wa kawaida. Mzee Kilonzo alitangulia kwa mwendo wake ule wa haraka. Mimi nilikuwa nakumbuka mambo ambayo hayakuwa kwenye fomu. Kwamba hapakuwa na kuku hata mmoja pale nyumbani. Kwamba jikoni hapakuwa na moshi wala jivu jipya. Kwamba lile shati lilikuwa la kuvaa Jumapili, na siku ile ilikuwa Jumatatu. Haya yote nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu mawili na nikayaacha pale pale. Niliomba Mungu kwa njia ambayo sijawahi kuomba tena, ya mtu asiye na la kujitetea.

Tulipokaribia boma tukasikia sauti za watu wengi. Nikasimama njiani, maana kwetu watu wengi hawakusanyiki nyumbani kwa mtu saa kumi na moja siku ya kazi bila sababu. Mzee Kilonzo akavua kofia.

Halafu sauti zote zikasema pamoja: "Hapana!"

Sauti ya mtu mmoja ikauliza kitu.

"Ndiyo!"

Mzee Kilonzo akavaa kofia.

Tuliangalia juu ya ua wa miiba. Watu wazima kama ishirini walikuwa wameketi chini, wanawake na wanaume, wengine nikiwafahamu kwa namba zao. Mlango wa ghala ulikuwa umetolewa na kuegemezwa ukutani, na mbele yake alisimama Mwalimu Musyoka, kipande cha mkaa mkononi. Kwenye mlango alikuwa ameandika namba za maswali ya Daktari, na mbele ya kila namba, jibu. Alikuwa ameyashika yote kichwani kwa kuulizwa mara moja. Nimefanya kazi na wasomi wa chuo kikuu wasioweza kufanya hivyo.

"Thelathini na moja," akasema Musyoka. "Je, umefikiri kwamba ni afadhali ungekufa?"

"Hapana!" wakajibu wote.

"Vizuri. Msisite hapo. Ukisita ataandika."

Mbele kabisa aliketi bibi mmoja mwembamba, ambaye wote walimwita Susu Kalekye. Susu kwetu ni nyanya. Akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mwalimu, na wewe hapo ulijibu nini?"

Musyoka akaangalia mlango. "Hiyo nilikosea, Susu."

Hakuna aliyecheka. Susu Kalekye akafikiri. "Na hawakukupa nafasi ya kurudia?"

"Yule msichana alikuwa na haraka," akasema.

Nimehojiwa na polisi mara moja, na mara moja nimesimama mbele ya kanisa kukiri kosa. Sijawahi kujisikia vibaya kama nilivyojisikia nyuma ya ua ule.

Mzee Kilonzo aliingia, akawasalimia wote, akakaa chini nyuma kabisa kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikakaa kando yake. Watu walituona wakaogopa, kama wanafunzi waliokutwa na karatasi ya mtihani. Musyoka hakuogopa. Alimaliza mpaka swali la mwisho, akawaambia waende nyumbani wakayakariri. Walipoondoka, Mzee Kilonzo aliniambia niweke kalamu ndani ya mfuko na nifunge mfuko.

"Mwalimu," akasema, "huyu msichana anasema ulimjibu ndiyo."

"Nilimjibu."

"Ulikuwa umeamua?"

"Nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nangojea jua lishuke kidogo. Ndipo huyu akaja na maswali yake." Aliongea kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Alipotoka, jirani akaja mbio kuniuliza nimeulizwa nini, kwa sababu kesho yake ingekuwa zamu yao. Nikamweleza. Akaenda kumleta dada yake, naye nikamweleza. Dada akaleta mume. Kesho yake asubuhi walikuwa wamejaa hapa kabla sijaamka. Tangu hapo, Mzee, sijapata nafasi."

"Na pombe?"

"Nitakunywa saa ngapi? Wanakuja asubuhi na jioni."

Mzee Kilonzo akauliza wale watu walifikiri mtihani ni wa nini. Musyoka akasema walikuwa wameamini kwamba atakayepita ataandikwa kupata mahindi ya msaada.

"Wewe ulijua hakuna mahindi," nikasema. Hilo ndilo neno la kwanza nililolitamka.

"Nilijua. Mahindi hayapewi watu kwa sababu wanapenda wageni." Akanigeukia. "Lakini ningewaambia hivyo, wangeenda kwao. Na mimi ningebaki hapa."

Nikamwomba msamaha. Akasema si kitu, nilikuwa nimesoma maswali kwa ufasaha. Mpaka leo sijui kama aliniambia kwa wema au vipi.

Hatukumwacha peke yake. Mzee Kilonzo alinituma nikamwite kaka yake Musyoka aliyekaa mlima wa pili, na yeye akabaki pale akiongea naye. Waliongea nini sijui. Niliporudi na kaka nilikuta wanapika ugali, shemasi akiwa amekunja mikono ya shati. Asubuhi kaka yake na Mzee Kilonzo walimpeleka kwenye kituo cha afya, na afisa wa tiba wa pale, mtu aliyekuwa na busara, akampangia awe anarudi kila wiki. Sitawadanganya kwamba kituo kile kilikuwa na dawa nyingi za mambo ya akili. Kilikuwa na benchi na mtu wa kumsikiliza, na mwaka ule hiyo ilitosha kuanzia.

Daktari alifika Jumamosi, amefurahi, barua yangu mfukoni. Alikuwa tayari amewaandikia wenzake chuoni kuhusu kijiji kile. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Nilimweleza kwanza lile la swali la thelathini na moja, kisha lile la mlango wa ghala. Alizichukua fomu zote za Nuu, akazipanga pembe kwa pembe mpaka zikalingana, akazifunga kwa kamba. Nikajua kazi yangu imekwisha.

"Nipelekeni kwa huyo mwalimu," akasema.

Walikaa kwenye kivuli cha ghala kuanzia asubuhi mpaka mchana, Mzee Kilonzo akitafsiri pale ambapo Kiingereza cha mmoja kilimshinda mwingine. Mimi nilichemsha chai. Nilimsikia Musyoka akisema, "Daktari, shida ya maswali yako ni kwamba mengi yana jibu moja tu lenye adabu. Ukimuuliza mtu mzima mbele ya boma lake kama anapenda wageni, atakuambia nini, na mgeni mwenyewe ni wewe?" Daktari akatoa daftari akaandika. Kwa mwaka uliofuata Musyoka ndiye aliyesaidia kuandika maswali upya, na tuliyatumia Makueni yote. Maswali mazuri mnayoyasoma nyinyi yalipita mikononi mwa watu wengi wasiotajwa, na mmoja wao nimewatajia.

Mimi sikufukuzwa. Daktari aliongeza mstari mmoja kwenye karatasi ya maagizo: mtu akijibu ndiyo kwa swali la thelathini na moja, weka kalamu chini, usiondoke. Kwa miaka yote iliyofuata sikuwahi kuhoji watu tisa kwa siku. Siku nyingine nilirudi na fomu moja, haijakwisha. Mwenzenu akirudi hivyo, msimcheke.

Sasa kuhusu lile darasa. Musyoka aliwakusanya akawaambia ukweli: mtihani umefutwa, mahindi hayapo na hayakuwahi kuwapo. Nusu yao waliinuka wakaenda, wengine wakimtukana kwanza. Susu Kalekye hakuinuka. Alisema kwamba ameshajua herufi moja ya jina lake, ile a ya hapana, maana aliiona kwenye mlango, na yeye si mtu wa kuacha jina nusu. Wengine wakasema hata wao. Ndivyo ngumbaru ya Nuu ilivyoanza. Baadaye serikali ikampa Musyoka daftari, chaki na cheo kidogo cha mwalimu wa watu wazima.

Alirudi kwenye pombe. Nawaambia hivyo ili msije mkaandika hadithi za watu waliopona siku moja. Alirudi mara tatu ninazozijua. Kila mara darasa lilipomkosa, liliinuka lote, likaenda mpaka nyumba ya kaluvu, likaketi kwenye benchi pamoja naye bila kusema kitu, wanawake na madaftari yao, mpaka wenye kunywa wakakosa raha na mwenye nyumba akamwomba Mwalimu aondoke. Mkewe alirudi mwaka wa pili. Alikuja kuangalia kama aliyoyasikia ni kweli, na mara ya mwisho nilipouliza alikuwa bado anaangalia.

Miaka ya themanini nilipelekwa tena Nuu kwa kazi nyingine. Nikapita pale asubuhi. Darasa lilikuwa na paa la mabati, na mlango wa ghala ulikuwa umerudi ghalani. Musyoka alikuwa amekonda, nywele nyeupe, shati limefungwa vifungo vyote. Nilitegemea atachukua rejista aite majina. Hakuichukua. Alikaa mbele, mikono kwenye magoti, na Susu Kalekye akainuka polepole, akaenda mezani, akafungua rejista, akaisogeza mbali na macho ili aione vizuri. Yeye ndiye aliyesoma majina, nami nikaambiwa amefanya hivyo tangu siku alipoweza kusoma. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa limeandikwa kwa mkono wake, herufi kubwa zilizopinda.

"Mwalimu Musyoka," akaita.

Darasa lote likamngoja.

"Niko," akasema.

Akaweka alama, akaenda kwa jina la pili.